Giaboksi kutoka Segese

Kwa miaka kumi na moja Akida Swaleh na mkewe Mwahija walisafiri kwenda Chato siku ile ile, barabara ile ile, kwa vyombo viwili. Akida aliendesha Peugeot 504 yake ya mwaka 1979, ile stesheni ndefu ya kubebea ukoo mzima. Mwahija alipanda basi. Vikapu vyake, mchele na nguo za wajukuu vilipakiwa kwenye Peugeot. Mwenyewe akakata tiketi stendi ya Geita, akaketi dirishani, mkoba mapajani. Mara nyingi yeye ndiye aliyetangulia kufika kwa binti yao Raudha, akakaa sebuleni kuisubiri mizigo yake.

Watu wa Kalangalala walilijua jambo hili na hawakulinyamazia. Mume ni fundi wa giaboksi, tena si fundi wa kubahatisha. Wenye malori humfuata kutoka Kahama mpaka Biharamulo. Na mke wa huyo huyo anakimbilia basi! Kinyozi hajinyoi, walisema, na Akida akacheka nao, maana angefanya nini? Lakini lilimuuma. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwenye safari alitaka kitu kimoja tu: mkewe akae kiti cha mbele, kushoto kwake, waondoke pamoja na wafike pamoja.

Sababu aliyoitoa Mwahija ilikuwa kelele. Alisema akishuka kwenye gari lile kichwa kinamvuma mpaka kesho yake. Na kelele ilikuwapo, nani atabisha? Peugeot ile ilikuwa na gia nne tu, za kubadilishia kwenye usukani. Iliundwa zama ambazo barabara za huku zilikuwa vumbi na mashimo, na masista wa misheni moja upande wa Ushirombo, walioitumia kabla yake, hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Sasa lami imefika. Gari likigusa themanini na gia zimekwisha, injini inapiga yowe, na haina pa kupumulia.

Dawa yake Akida aliijua tangu zamani: giaboksi la gia tano. Gia ya tano haiongezi nguvu. Kazi yake ni kuiacha injini izunguke taratibu huku magurudumu yakikimbia. Giaboksi linalofaa hutoka kwenye Peugeot 505, na 505 za huku kwetu nyingi zimeshayeyushwa kuwa masufuria. Aliuliza Mwanza, akauliza Shinyanga mjini, akaambulia pole. Mwisho dereva mmoja wa lori akamwambia kwamba liko moja Segese, zima kabisa, ila halimo garini. Linavuta mawe ya dhahabu.

Akida akapanda basi hadi Kakola, kisha bodaboda, akalikuta. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, alikuwa kijana mnene mwenye ndevu nyingi, jina lake Masele. Mafundi wake walikuwa wamefunga injini kuukuu, wakaiunga na lile giaboksi, giaboksi wakaliunga na ngoma ya kukunjia kamba, ikawa winchi. Viroba vya mawe vilipanda kwa gia ya kwanza, kamba ikashuka kwa gia ya kurudi nyuma. Hizo nyingine hakuna aliyewahi kuzigusa. Akida aliinama, akasikiliza. Gia ya kwanza ilikuwa inaguna kwa uchovu, lakini ya tano ilikuwa imekaa humo ndani miaka yote bila kufanya kazi hata siku moja.

Akatoa pendekezo ambalo kwa akili ya fundi halikuwa na walakini. Wao wanatumia gia mbili tu. Yeye ana giaboksi la gia nne, zima. Wabadilishane, na atalifunga kwa mkono wake siku hiyo hiyo.

Masele alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akatikisa kichwa. "Mzee wangu, duara linatema," alisema. "Chombo kinachovuta hakiguswi."

Hakuwa anafanya mzaha. Duara likitema, maana yake likitoa dhahabu, hakihamishwi kitu. Masele mwenyewe hakuwa amenyoa ndevu tangu mkanda wa dhahabu ulipoonekana, na mchimbaji mmoja alivaa mabuti yaliyopasuka kisigino kwa sababu ndiyo aliyoyavaa siku ile. Hata sufuria ya maharage ilikuwa na mfuniko usio wake na hakuna aliyethubutu kuubadilisha. Akida alikunywa chai yao, akaaga.

Basi ikawa ni kungoja, na kungoja huko hakukuwa kuzuri. Kila mtu aliyetoka Segese alipopita gereji, Akida alimuuliza habari za duara la Masele. Akiambiwa linatema, alisema alhamdulillahi, na uso ukasema jingine. Siku moja baada ya swala ya alasiri alijikuta mikono iko juu na midomo inakaribia kuomba mawe ya watu yaishe. Akaishusha mikono haraka. Watu kumi na wawili wanakula kwenye lile shimo, wana wake na watoto, na yeye anawaombea njaa ili gari lake lisipige kelele! Aliona haya, haya ya kweli, na wiki ile hakumuuliza mtu.

Miezi minane ilipita. Mwezi wa Shaabani Masele akapiga simu. Sauti ilikuwa chini. Mkanda umekata, alisema. Wamefuata mwamba wiki tano, hawapati kitu. Aje alichukue.

Kufa kufaana, lakini Akida hakuweza kufurahi alivyokuwa amejiandaa kufurahi. Aliteremsha giaboksi lake, akalifunga kwenye gunia, akanunua mchele na sukari kama anakwenda kwenye msiba. Kule alikuta wachimbaji wamekaa bila kazi, wengine vifurushi viko tayari, wanatafuta maduara mengine. Masele alikuwa amenyoa ndevu, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko alivyoufikiria.

Hakuna aliyemsaidia kulifungua. Waliokuwa wakililinda kama mboni ya jicho sasa walisema lina mkosi, wakasimama mbali wakimtazama mzee wa watu akihangaika na spana peke yake. Lile la gia nne ndilo walilolizunguka. Masele aliuliza limetoka wapi. Akida akamweleza: limebeba masista miaka ishirini, halafu yeye. Masele alilipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto.

"Wabeja, baba," alimshukuru kwa Kisukuma. "Hili lina baraka. Tukipata shimo jingine ndilo tutakaloanza nalo."

Akida alitaka kumwambia kwamba chuma hakijui nani amekaa juu yake. Lakini mtu aliyekaribia kuomba dua mbaya hana ubavu wa kucheka imani ya mwenzake. Akawaombea heri, kimoyomoyo, na safari hii kwa dhati.

Kazi ilimchukua Ramadhani nzima, tumbo tupu, mgongo sakafuni. Giaboksi la gia tano ni refu kuliko la gia nne, na propela ya Peugeot, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, hukaa ndani ya bomba, kwa hiyo vyote viwili vilibidi vikatwe vipungue urefu. Fundi wa kuchonga vyuma alivikata, akachomelea. Mara ya kwanza gari lilitetemeka mpaka vioo vikagongana. Propela ilikuwa imepinda kidogo sana, upana wa ukucha, na ikarudi kukatwa upya. Rungu la gia nalo halikuweza kubaki kwenye usukani. Alitoboa sakafu katikati ya viti viwili vya mbele na kuliweka hapo. Gia ya kwanza aliiacha igune ilivyozoea, maana mtu hakai nayo. Anaondoka nayo tu.

Idd pili akamwomba Mwahija wapande pamoja mpaka Katoro tu. Kelele ikimshinda, stendi ya Katoro ina mabasi ya Chato, atashuka bila maneno. Mwahija alilitazama gari, akamtazama mumewe na kucha zake nyeusi, akafungua mlango wa mbele, akaketi.

Nje ya mji Akida akapandisha: mbili, tatu, nne. Injini ikaanza kulia. Akakanyaga klachi, akaingiza ya tano, na kelele ikakatika kama mtu amefunga mlango. Walikwenda tisini, na kilichosikika kilikuwa upepo na matairi. Akida alingoja sifa. Mwahija alitazama mashamba ya mahindi. Walipofika Katoro, Akida akapunguza mwendo karibu na stendi.

"Twende," Mwahija alisema.

Akida alifurahi mpaka akacheka peke yake. Wakaiacha Katoro nyuma, na hapo akashindwa kujizuia. "Kelele imekwisha, Mama Raudha?"

"Imekwisha," alijibu. "Ila haikuwa kelele, Baba Raudha."

Alisema bila hasira. Alimkumbusha siku waliyotoka Kahama kumzika mama yake yeye Mwahija. Njiani alikuwa anamwambia jambo, na Akida akainua mkono, akamwambia anyamaze kwanza, anaisikiliza difu inavyonguruma huko nyuma ya gari. Alinyamaza. Akangoja njia nzima, akangoja nyumbani, akangoja wiki. Hakuulizwa. Safari iliyofuata alikwenda stendi.

Akida aliikumbuka difu ile. Alikumbuka beringi iliyokuwa imekufa, upande wa kushoto, na duka aliponunua nyingine. Mkewe alikuwa anasema nini, hakukumbuka hata neno moja.

Akapunguza gia, akaliweka gari pembeni ya lami, akazima injini.

"Ulikuwa unaniambia nini?"

Mwahija aliikunja ncha ya mtandio wake. "Nilikuwa nakwambia kwamba mama ameondoka, na kuanzia leo sina mtu wa kumwambia mambo yangu ila wewe."

"Nisamehe, Mama Raudha," alisema, na hakugusa ufunguo. Alimgeukia, akauliza kama lipo jingine.

Lilikuwapo, na yalikuwapo mengine ya miaka kumi na moja. Mabasi mawili ya Chato yaliwapita kabla Mwahija hajafika nusu ya maneno yake.