Ubao wa Maporomoko

Nilikuwa na mwaka wa nne Guangzhou nilipoiona ile picha, wala sikuwa naitafuta. Nilitoka ofisini kwangu kwenye jengo la Tianxiu kwenda kuangalia sampuli za bawaba, mvua ikanikamata kwenye kichochoro cha nyuma ya Huanshi Zhonglu, nikajibanza kwenye mlango uliokuwa wazi. Ndani mzee wa Kichina alikuwa ameinamia ubao, na ukutani palikuwa na picha moja tu: maporomoko ya maji yanashuka kutoka juu ya karatasi mpaka chini, na watu watatu wadogo wenye kofia za majani wamesimama wakiyatazama.

Kilichonivuta kuingia hasa ni harufu ya mbao mbichi na mlio wa chuma kikipita juu yake. Baba yangu ni mchonga milango, Unguja. Nimekulia kwenye vumbi la kazi yake. Na mimi, riziki yangu huku ni kununua milango iliyochongwa kwa mashine na kuipakia kwenye makontena ya kwenda Dar es Salaam na Zanzibar. Baba alilijua hilo, nami nilijua kuwa analijua, na kwenye simu tulizungumza habari za mvua na joto.

"Laoban, picha hii bei gani?" niliuliza, kwa Kichina changu cha sokoni ambacho kila mwenye duka ni bosi.

Mzee akacheka. "Laoban hapana. Laoshi." Yeye ni mwalimu. Na picha haikuwa ya kuuzwa. Aliichapa mwenyewe kwa kufuata mchoro wa zamani wa Kijapani, ufundi aliokwenda kujifunza hukohuko Japani ujanani mwake.

Mvua haikukatika, naye akanionyesha kazi. Kila rangi ina ubao wake. Anapaka rangi iliyochanganywa na gundi ya wali, analaza karatasi ya nyuzi za mforosadi, kisha anaisugua mgongoni kwa kisugulio cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Buluu ya juu ilikuwa imekoza sana, halafu ikafifia taratibu hadi kupotea. Nilidhani ni rangi mbili. Kumbe ni moja: analowesha ubao, na brashi anaitia rangi upande mmoja tu. Nikaitafuta rangi nyeupe ya maji, nisiione. Mzee akagonga karatasi kwa kidole. Weupe ulikuwa karatasi yenyewe. Pale maji yanaposhuka, alikuwa ameichimba mbao yote akaitoa.

Nikaanza kwenda kila Alhamisi. Kazini nilisema nakwenda kwa wakala wa mizigo.

Alhamisi moja, saa kumi alasiri, ambayo kwetu ni saa tano asubuhi, nikampigia baba simu ya video. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mikono yake ianze kutetemeka akaacha kuchonga. Nilimwonyesha picha. Akaitazama.

"Nionyeshe ubao," alisema mwishowe.

Nikausogeza karibu na simu ubao wa mistari, ule unaochapa michoro kabla ya rangi. Baba akausogeza uso kwenye skrini.

"Kaichonga kinyume. Kulia kuwe kushoto. Na patasi yake anaishikaje? Anaigonga?"

Nikamtafsiria mzee, naye akachukua kisu chake kidogo akakivuta kuelekea kifuani, taratibu.

"Anavuta!" Baba akacheka kama nilivyokuwa sijamsikia akicheka muda mrefu. "Mimi miaka yote nasukuma. Muulize, hayo maji maana yake nini?"

Mzee alifikiri. Akasema maji yale hayawi yaleyale hata mara moja, lakini umbo lake halibadiliki. Akasema Wajapani wengine huingia chini yake wakasimama, wajisafishe kabla ya kuomba.

"Kama udhu," baba akasema.

"Kama udhu, baba."

"Na mimi mawimbi nilikuwa nikiyachonga mlangoni yawe baraka kwa wenye nyumba. Mnyororo wa pembezoni uwalinde. Watu wanapita, wanasema pambo zuri." Akaitazama picha tena. "Hao watu watatu wanafanya nini?"

"Wanatazama tu."

"Wako mbali na kwao," alisema.

Mzee hakuelewa neno hata moja, ila alitutazama wote wawili, mimi na simu. Nilipokuwa naondoka aliufunga ule ubao wa mistari kwenye gazeti akanipa. Kingo zake zilikuwa zimelika kwa kuchapwa, alisema, haufai tena. Nikaupeleka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa mtu wa kwetu aliyekuwa akisafiri.

Baba alipiga siku aliyoupokea. Alikuwa akiupapasa kwa vidole. Nilisikia kucha zikikwaruza mbao.

"Nilitaka nikuweke wewe hapa," alisema. "Pembeni ya hawa watatu. Nimeshachukua na patasi."

"Mikono je, baba?"

"Mikono ingetulia kidogo. Lakini hapana mbao. Alishaichimba yote. Mtu hawezi kusimama pasipo mbao."

Akaniuliza kama nimekula.

Wiki ileile nilikata tiketi. Wateja wawili walinuna, mmoja akahamia kwa muuzaji mwingine. Nilimkuta baba barazani, mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye simu, nikamshika mkono nikamwamkia, na mkono ukatetemeka ndani ya wangu muda wote aliokuwa akiitikia. Nilikaa siku kumi na nane. Alinifundisha kunoa patasi, jambo ambalo utotoni hakunifundisha kwa kuwa mimi ni mtoto wa kike, na alikiri hivyo kwa mdomo wake. Nilidhani hamu ya nyumbani ingeniisha. Niliporudi Guangzhou niliikuta imezidi, kwa sababu sasa nilijua vizuri zaidi ninachokikosa: sauti yake akiniambia, polepole, lainisha kifundo cha mkono, usishindane na mbao.

Milango ya mashine bado naiuza. Ila siku hizi baba ananiuliza nauza mingapi, nami namwambia.