Ala nne za Cimpunda zilizozidi sauti

“Acha hiyo musumeno, Bulonza! Ile bombardoni haiko ya baba yako, iko ya misheni!”

“Na kesho tukifukuzwa mbele ya watu, Papa Stanislas, misheni njo itafurahi?”

Ni saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka 1957, katika kibanda cha bati huko Cimpunda, mtaa wa Waafrika. Pascal Bulonza, fundi wa kulehemu ndoo na masufuria, ameilaza mapajani bombardoni anayoipiga, ala kubwa ya shaba yenye sauti ya besi. Papa Stanislas, kiongozi wa bendi, amesimama mlangoni, jasho linamtoka.

Kesho bendi ya Cimpunda inaungana na ile ya Wazungu wa mtaa wa Nguba: wapigaji hamsini na wawili, muziki wa dakika arobaini. Hawajawahi kupiga kitu kirefu hivyo. Wamejifunza miezi minane.

Tatizo si vidole. Ala nne za besi za Cimpunda ni za zamani, na sauti zake ziko juu kuliko ala mpya za Nguba. Wamevuta mirija ya kurekebishia sauti hadi mwisho; bado ziko juu. Jana, katikati ya mazoezi, mrija wa Lucien, mpigaji mwenzake wa besi, ulichomoka ukaanguka sakafuni. Watu wa Nguba wakacheka. Mwongozaji wa bendi zote mbili, Bwana Gérard, hakucheka. Alisema wakija tena hivyo, Cimpunda watakaa kusikiliza tu, bila kupiga.

Bulonza, baba wa watoto watano, anainua msumeno. “Batasema mutu mweusi anajua paka ngoma, ngoma tu.”

Dawa anaijua: mrija ukiongezwa urefu wa kidole kimoja, sauti inashuka. Pampu ya baiskeli yake amekwisha kuikata vipande vya kuungia mrija ukishakatwa katikati.

“Na ukiharibu?” anauliza Papa Stanislas.

Bulonza anapima mrija kwa kidole. Nusu ya kazi zake inatoka misheni.

“Nikiharibu, naenda mwenyewe kwa Padri. Nitasema weye haukukuwa hapa.”

“Nitasema uongo kwa Padri, miye? Muzee muzima?”

“Basi shika hapa. Usitikisike.”

Papa Stanislas anatazama nje, kushoto, kulia. Anavua koti, anafunga mlango kwa kisigino, anachuchumaa na kuukamata mrija kwa mikono miwili.

“Kata basi, kabla sijabadilisha kichwa.”

Msumeno unauma shaba. Mara kumi, mara ishirini, na mrija umekatika; Bulonza ananyoosha mkono kuchukua kipande cha pampu.