Taswira ya Kuwashia na Masaa Mawili Niliyonyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chama kimoja cha wafugaji mjini Meru, niliingia chumba cha seva, ile kompyuta kuu, nikakuta kimya. Feni hazizunguki, taa haziwaki. Sikuwa nimegusa kitu, lakini nilianza kujitetea kwa mwanamume aliyeketi pale na kikombe cha chai. Kumbe ndiye Msimamizi wa Mitambo wa kile chama cha wafugaji, bosi wangu wa kwanza.

"Si wewe," akasema. "Ni mimi nimezima. Kila Monday ya kwanza ya mwezi tunazima hii kitu, alafu tunaona kama itaamka."

"Na isipoamka?"

"Si afadhali ikatae tukiwa hapa wawili na chai iko? Kagendo, mashine hujawahi kuzima, hiyo huijui."

Mimi nilizaliwa na wasiwasi. Mama yangu kule Kanyakine alikuwa akinicheka kwamba nikifunga zizi ninarudi mara tatu kuhakikisha ng'ombe bado ni ng'ombe. Kwa hivyo kuzima kwa makusudi mashine iliyokuwa nzima nilikuona kama wazimu. Iliamka siku hiyo, na mimi nikapumua.

Nyinyi vijana mnakuta diski kubwa, mnaweka kila kitu mahali pamoja. Sisi diski zetu zilikuwa ndogo, tukazigawanya vipande tulivyoviita pateshoni. Kulikuwa na kipande kidogo cha kuwashia, chenye kenel, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Kulikuwa na mzizi, kipande ambacho vingine vyote hushikizwa kwake, na kulikuwa na kipande kikubwa kiitwacho usr, kilichobeba programu nyingi. Mashine ikiwashwa, kenel huamka kwanza, haijui vipande vingine viko wapi. Ndiyo maana huandaliwa taswira ya kuwashia, furushi dogo la vifaa vya kuvitafuta vipande hivyo na kuvimaunti, yaani kuviunganisha vitumike. Kukosa furushi hilo ni sawa na kufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala.

Msimamizi alinifundisha desturi mbili. Ya kwanza, pateshoni ya kuwashia isimauntiwe kila siku. Ifungwe, ifunguliwe tu ukiwa na kazi nayo, mtu asije akaiharibu bure. Ya pili ni ile ya Jumatatu ya kwanza. Nilipoondoka Meru kwenda Embu, kuwa msimamizi wa mitambo katika hospitali moja, niliibeba ile ya kwanza na kuiacha ya pili.

Nitasema ukweli kwa nini. Seva ya hospitali ilibeba majibu ya maabara na rekodi za damu, na niliogopa kuizima. Kadiri ilivyokaa bila kuzimwa ndivyo nilivyozidi kuogopa, na ule woga nikauvisha nguo za fahari. Wageni wakija niliwaonyesha kwenye skrini ni siku ngapi haijalala. Wakishangaa, nilifurahi.

Mwenzangu pale alikuwa Salim, fundi wa umeme, mtoto wa mjini hapo Embu, ambaye ndugu zake wote ni wauza nyama. Yeye alifanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Aliniita Mama Mwenda, kwa jina la mwanangu, nami nikamwita Baba Amina. Mwaka wa kisa hiki Daktari Mkuu wa hospitali alikuwa ameshamwonya mara moja kwa sababu ya jenereta iliyokataa kuwaka, na Salim alijua kosa la pili lingekuwa la mwisho.

Basi nikaboresha mfumo. Katika mfumo wa zamani, programu ya kwanza kabisa kuitwa na kenel ilikaa kwenye mzizi, hivyo usr ingeweza kuchelewa kidogo. Mfumo mpya uliihamishia ndani ya usr. Ilibidi nitengeneze taswira mpya itakayomaunti usr mapema, na niliitengeneza kweli. Amri ilimalizika bila kulalamika hata kidogo. Nikaandika kwenye daftari, "Tayari." Seva ikaendelea kufanya kazi, maana mashine iliyo macho haihitaji kuamshwa.

Majuma machache baadaye likaja tangazo: Jumamosi asubuhi stima itakatwa, nguzo za umeme zirekebishwe. Ningeweza kuizima mwenyewe Jumatano nione. Nilifika hadi mlangoni, nikarudi ofisini. Niliogopa kujua.

Jumamosi hiyo saa tatu, stima ikakatika. Salim akahamishia hospitali kwenye jenereta kama ilivyotakiwa, lakini katika ule mwanya mfupi betri za akiba zilizozeeka zikashindwa, na seva ikazimika. Stima ya jenereta ilipoingia, kenel iliamka, ikatafuta programu ya kwanza, ikaikosa, ikasimama hapo. Maabara wakaanza kuandika kwa mkono na kukimbia na karatasi. Daktari Mkuu akaja mbio, akatuangalia sote wawili, kisha akamgeukia Salim.

"Salim, hii ni mara ya pili! Umechoma mashine."

"Daktari, mimi nilibadilisha tu swichi, vile hufanya kila siku. Uliza Mama Mwenda."

Nikasema, "Wacha kwanza nione." Hayo tu.

Niliiwasha seva kwa flashi yenye mfumo wa dharura, nikamaunti mzizi, nikamaunti usr, nikaingia kutazama. Ilipofika saa nne nilikuwa nimejua. Pateshoni ya kuwashia isipomauntiwa, folda yake hubaki pale tupu na kupokea faili yoyote. Siku ile nilisahau kuifungua. Taswira yangu mpya ilikuwa imelala ndani ya folda tupu ya mzizi, ina tarehe niliyoandika daftarini, na ile ya zamani, isiyojua kumaunti usr, ndiyo iliyobaki mahali pake. Umeme haukuwa na kosa lolote.

Niliimaunti pateshoni ya kuwashia, nikatengeneza taswira upya, nikaiwasha tena huku nimeshika ukingo wa meza. Saa tano kasoro mashine ilikuwa imeamka. Maabara wakanipigia makofi. Niliyapokea yale makofi. Kisha nikaketi nikanywa chai, kwa vile niliwaza kwamba mashine imepona na labda Daktari atasahau. Kupitia dirishani nilimwona Salim akipanga vifaa vyake sandukuni, kimoja kimoja, kama mtu anayehama. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa ningeficha mimi, angeumbuka mwingine.

Saa sita nilienda kwa Daktari Mkuu. Barua ya kumwachisha Salim kazi ilikuwa mezani, haijatiwa sahihi. Salim alikuwa amesimama mbele yake.

"Daktari, Salim hana makosa," nikasema. "Ni mimi. Taswira ya kuwashia niliiandika pahali si pake, na sikuizima mashine kuona."

Daktari aliirarua ile barua, akaniahidi yangu ya onyo, na kweli niliipata. Nje kwenye kibaraza Salim hakunishukuru. Aliniuliza, "Mama Mwenda, ulijua saa ngapi?"

"Saa nne."

Akatazama saa yake. Akaenda zake.

Tangu mwezi uliofuata nilirudisha ile desturi ya Jumatatu ya kwanza. Nilimwomba Salim awe ndiye anayekata umeme, naye akaja kila mwezi, tukasubiri pamoja mpaka mashine iamke. Siku hizi nimestaafu, nimerudi Kanyakine, na stima ikipotea bado nashika ukingo wa meza, ingawa hapa nina redio na balbu tatu tu. Nikiulizwa ushauri husema: mauntini kwanza, ndipo muandike, kisha muizime mkiwa hapo.

Siku ya kuniaga, Salim alisimama akaomba kusema. Akawasimulia wote kuhusu Jumamosi ile. "Huyu mama, vile tu alijua ni makosa yake, hapo hapo alienda kwa Daktari. Hakungoja hata dakika." Watu wakapiga makofi. Salim alinitazama moja kwa moja, akaketi.

Nilishindwa kumsahihisha mbele ya watu. Namsahihisha hapa. Nilingoja masaa mawili, Baba Amina, na wewe unajua.