Sisimizi wa Baba Hamadi

Juzi niliona sisimizi wamebeba bawa la nyigu, wamejipanga mstari. Nikawakanyaga wote. Wezi wenye adabu!

Baba Hamadi, fundi cherehani, jirani yetu wa Rumonge nilipokuwa mtoto, aliwasifu kila siku. "Angalia, mutoto wangu. Sisimizi iko na akili, inasaidiana. Nyigu iko na hasira tu." Alikuwa akiwanung'unikia nyigu waliojenga juu ya mlango wa jikoni kwetu.

Mwaka ule wa malori ya askari yaliyosomba watu, baba alichukuliwa, na mama akaenda kumwulizia. Alasiri hiyo ua ulinuka mawese na samaki wa ndagala. Majirani waliingia kimya, kwa mstari, Baba Hamadi mbele, wakatoka na viti, magodoro, hata mlango wa chumbani. Nilidhani tunahama na wao wanatusaidia, nikamshukuru kila mmoja, "Murakoze."

Jikoni tu ndiko walikoshindwa. Baba Hamadi alijaribu, akatoka mbio, uso umevimba. Nikamwonea huruma. Nikawasha kuti kavu la mchikichi, nikawachoma nyigu wote, ili wasaidizi wetu wapite.