Asubuhi Niliyompeleka Mjukuu Geti la Nyuma

Shuleni mimi nilifika mlangoni tu nikageuka, kwa hivyo mtanivumilia nikienda huku na kule. Ninachotaka kusimulia ni asubuhi niliyomsindikiza mjukuu wangu kutafuta kazi, nikampoteza mahali ninapopajua kuliko chumba changu.

Msichana huyu ana digrii. Picha yake ya joho iko ukutani hapa Majengo, juu ya televisheni, na imeanza kupauka. Mwaka wa pili huu anaandika maombi kwa simu. Majibu hayaji, na yakija ni ya pole. Siku moja akaitwa na kiwanda kimoja cha Industrial Area. Hayakuwa mahojiano ya kuketi na kuulizwa, ilikuwa siku nzima ya kupimwa. Wenye digrii wanawekwa meza moja, wanapewa shida waitatue, na wakubwa wanakaa pembeni wakitazama na kuandika.

"Wanapima nini, presha?" bibi yake akauliza. Bibi humwita mke mwenzangu, nami humwita mke wangu. Ndivyo tunavyotaniana na wajukuu kwetu.

"Wanapima mtu anavyofanya kazi na wengine."

"Basi mumeo huyu akufundishe. Amepimwa na manyapara mpaka meno yakamtoka."

Si uongo. Kiwanda hicho hicho nilikifanyia kibarua miaka kumi na miwili, na miaka yote hiyo nilichaguliwa upya kila asubuhi. Kibarua hana kazi, ana siku. Unafika mapema, unasimama mbele, unatoa mikono nyapara aone sugu, mdomo unaufunga. Na mzigo ukishushwa unaukamata wewe kwanza. Niseme ukweli, niliwahi kumkanyaga mwenzangu mguu makusudi asinitangulie. Alikuwa jirani yangu, na jioni tukaswali safu moja. Hilo la mguu sikumfundisha mjukuu. Mengine nilimfundisha yote.

Tulijaribia sebuleni. Wenye digrii tulikuwa mimi, bibi, na fundi cherehani wa mlango wa pili, mama mmoja mnene mwenye maneno. Shida yetu ilikuwa kupanga harusi. Mjukuu akainyakua kalamu kama nilivyomwelekeza, akapanga pilau, viti na maturubai peke yake.

"Na mimi nimeitwa kula biskuti?" fundi akasema.

Mjukuu akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka. Akaenda kupiga pasi koti lake la mtumba wa Gikomba, ambalo tayari alikuwa amelipiga pasi.

Barua ilikuwa ndani ya simu: fika getini saa mbili asubuhi. Nikamwambia geti hilo nalijua, nitakupeleka. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, tukatembea pamoja na ule msafara wa watu wanaokwenda viwandani kwa miguu. Magoti yangu yalilalamika kuanzia njiani. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini, na vibarua walikuwa wameshajaa.

"Simama mbele," nikamwambia.

"Babu, mimi nimeitwa kwa jina."

"Jina watalijua wakishakuchagua."

Akasimama mbele, na koti lake na faili lake, katikati ya wanaume wenye mabuti. Walimpisha. Kijana mmoja akamwambia, "Sister, hiyo koti itajaa vumbi hapa." Wakaanza kupiga gumzo naye. Malori mawili yalikuwa yamesimama nje, na vibarua wakamweleza kwamba husimama hivyo kila siku, kwa sababu mwenye ufunguo wa ghala huingia saa tatu.

Nyapara alichelewa. Alipotoka na kumwona mjukuu, alivua kofia.

"Madam, umetumwa na ofisi kutukagua? Hawa wote wana viatu vya kazi, mimi huangalia."

Mjukuu akamwonyesha simu. Nyapara akasoma polepole, akavaa kofia yake tena.

"Hii barua ni ya geti ya mbele. Uzunguke ukuta wote huu, utokee barabara ile nyingine. Nani alikuleta huku?"

Hakunitaja. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia. Mimi nilibaki pale nimeshika ukuta. Upande ule wa pili kuna jengo jipya la ofisi, nilikuwa nimeliona kwa mbali miaka mingi, na haikuniingia akilini kwamba lina mlango wake. Miaka kumi na miwili, na geti la mbele sikuwahi kulipita.

Alirudi nyumbani jioni, akakaa chini sakafuni. Akasema kiwandani alifika amechelewa, wenzake watano wameshaketi. Shida waliyopewa ilikuwa mizigo kuchelewa kuingia ghalani. Wenzake wakazungumza habari za kompyuta. Yeye alikuwa bado anahema, kalamu hakuinyakua. Alipopata pumzi akauliza, "Nani hufungua mlango, na huja saa ngapi?" Akawaeleza yale ya malori na ufunguo. Mkubwa mmoja akaacha kuandika, akamtazama.

"Akakuuliza umejuaje?"

"Akaniuliza. Nikamwambia nilianzia geti la nyuma."

Wiki tatu zikapita. Ujumbe ukaja: amefanya vizuri, nafasi zimejaa, yeye wamemweka akiba. Akanisomea mara mbili.

Akiba naijua. Nyapara alikuwa na watu wake watatu wanne, anawakalisha ukutani, mtu akiumia ndani wao waingie. Nimekaa ukutani huo mara nyingi. Kazi ya akiba ni kutoondoka, basi.

"Ulikuwa ukingoja mpaka saa ngapi, babu?"

"Mpaka adhuhuri. Ikiadhiniwa, najiendea nyumbani."

"Hawa hawajaniambia saa."

Maombi mengine bado anaandika, lakini simu huiweka dirishani, ndipo mtandao unaposhika, na hukaa karibu nayo. Nami nimevuta kiti changu hapo. Simu ikilia huwa naitazama kabla yake, na mpaka leo wanaopiga ni watu wengine tu.