Dirisha la Kupokelea Sampuli

Mama Loyce, jina lake mwenyewe Elieth, hana maneno mengi, na tangu Machi 2013 hata hayo machache ameyabana. Ni mtaalamu wa maabara katika chuo chetu cha afya hapa Kasulu. Anafika, anavaa koti jeupe, anafanya kazi, anaondoka. Ukimsalimia anaitika. Ukimtania, kama nilivyozoea mimi, mwalimu niliyeletwa na serikali kutoka Tanga, anakutazama tu. Tulijua amefiwa na mtoto. Zaidi ya hapo hatukuuliza.

Mwaka uliofuata chuo kilipata kibali cha kujenga maabara ya utafiti wa homa za watoto. Msanifu majengo, kijana aitwaye Saady, akaja na michoro yake. Wakubwa wakaisifu bila kuielewa. Saady, na hapa nampa haki yake, hakuridhika na sifa. Alichukua chokaa akachora jengo zima kwenye uwanja wa mpira kwa vipimo halisi: kuta, milango, meza, mpaka choo. Kisha akamwomba Mama Loyce afanye kazi ya siku moja mle ndani, mikono mitupu.

Akafanya. Alinawa pasipo bomba, akafungua friji isiyokuwepo, akageuka. "Hapa nitagongana na mwenzangu," akasema. Saady akafuta mstari, akachora mwingine. Wanafunzi walicheka. Mimi pia nilicheka, na mpaka leo naona aibu.

Mwishoni akasimama kwenye ukuta wa mbele.

"Hapa nataka dirisha lenye friji. Anayeleta sampuli tukiwa tumefunga aiweke akiwa nje."

"Dada Elieth, ukuta huu hautobolewi. Hewa ya ndani inachujwa. Waleta sampuli waje saa za kazi."

"Hawaji saa za kazi." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ijumaa ile ya Machi mwaka jana tulifunga saa tisa, ndiyo sheria. Boksi la sampuli za Kibondo likafika saa kumi na moja, dereva akaliacha barazani. Jumatatu barafu imekuwa maji. Nikaandika zimeharibika, zote kumi na mbili, kwa namba. Majina sikusoma. Jumanne mama yangu, aliyekuwa akinilelea mtoto huko Kibondo, akapiga simu kutoka Kumsenga, anauliza majibu ya Loyce. Nilikuwa sijui hata kama mtoto anaumwa. Alhamisi tukazika."

Kumbe mwaka mzima nilikuwa namtania mtu huyu. Nilijichukia pale pale.

Saady akainua ndoo ya chokaa, akachora kwenye mstari wa ukuta kisanduku cha friji chenye milango miwili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, usiofunguka huu mpaka ule ufungwe. Ilimchukua dakika tano. Dakika tano tu, na miaka yote hakuna aliyewaza.

"Tujaribu," akasema, akampa boksi tupu la glovu. Yeye akaingia ndani. Mama Loyce akabaki nje, akaliweka boksi kwenye kisanduku, akarudi nyuma hatua moja. Saady akainama akalitoa.

"Nimepokea."

"Ego," akaitikia kwa Kiha, yaani ndiyo.

Saady akaandika vipimo kwenye daftari lake. Wanafunzi wakatawanyika kwenda kula. Mama Loyce hakuondoka. Alisimama nje ya mstari wa chokaa, macho makavu, akilitazama lile boksi mkononi mwa Saady.

"Mama Loyce, tumemaliza," nikamwambia.

"Nasubiri majibu," akasema.