Pedi Zilizokunywa Mafuta

Gasper alimpiga Mwanahalima kwa pampu ya baiskeli, ile ndefu ya chuma, wakati mama huyo ameinama anakaza spoku. Pigo la kwanza lilimshukia sikioni. La pili alilikinga kwa mkono, na kwa mkono wa pili akaokota spana kubwa, akamtandika nayo gotini. Gasper akaangukia beseni la maji ya kutafutia pancha. Hasani, muuza nyama wa jirani, ndiye aliyekuja kuwatenganisha.

"Umemvunja mke wangu meno," Gasper alisema akihema. "Breki uliyotengeneza imemwangusha."

Akaondoka anachechemea. Baiskeli yake akaiacha imelala kwenye matope.

Mwanahalima alikuwa fundi baiskeli pale Iringo, mjini Musoma, tangu afiwe na mumewe, Abdulnasir. Shemeji zake walipokuja kudai kibanda na vifaa, aliwafukuza kwa mnyororo. Watu walimjua hivyo: mkono mwepesi kwa kazi, mwepesi kwa ugomvi. Lakini maneno ya Gasper yalimchoma. Wiki iliyopita aliletewa baiskeli hiyohiyo, ya gia, yenye breki za diski. Ukishika breki ya mbele, foku nzima, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Yeye alikaza gololi za usukani, akairudisha bila kuijaribu.

Alasiri Dorotea, mke wa Gasper, alifika kwa miguu kutoka Makoko. Mdomo ulikuwa umevimba, na khanga aliyoushikia ilikuwa na damu.

"Shikamoo, Mama Ikhlas," alimwamkia Mwanahalima.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufanyia haya."

Dorotea akatikisa kichwa. "Nilianguka kweli, pale mteremko wa Kamunyonge. Nikachubuka kiwiko tu. Meno ni ngumi yake, nilipofika nyumbani na baiskeli imechafuka." Akatema damu pembeni. "Nataka uitengeneze sasa hivi. Naenda Bunda kwa kaka yangu Florian. Stendi siwezi kwenda, wapiga debe wote ni marafiki zake. Watamwambia kabla basi halijaondoka."

Mwanahalima akaiinua baiskeli kutoka kwenye matope. Sikio lilikuwa linavuma kama mashine ya kusaga.

"Panda. Shika breki ya mbele, sukuma mbele, rudisha nyuma."

Aliweka vidole kwenye maungio ya usukani: hapachezi. Akajaribu bolti za kalipa, kile kibanio cha pedi: zimekaza. Akazungusha gurudumu, jicho karibu na diski: imenyooka, haiyumbi. Ndipo akaipitishia kidole. Mahali pengine pakavu, pengine panaganda, pana madoa meusi. Akachomoa pedi, akazinusa.

"Nani kaipaka mafuta?"

"Yeye. Ikipigaga kelele anapakaga mafuta ya alizeti."

"Basi ndiyo hayo. Pedi zinashika penye pakavu, zinateleza penye mafuta. Shika, achia, shika, achia. Hicho ndicho kinachotetemesha."

Pedi zilizokunywa mafuta haziosheki, akazitupa. Akaifungua diski, akaifuta kwa spiriti, akaisugua kwa msasa laini, akaifuta tena mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Alipoirudisha akavalisha pedi mpya, akalegeza kalipa, akamwambia Dorotea abane breki ili ijipange katikati ya diski, kisha akakaza.

"Sasa zunguka hapa. Kimbiza, bana polepole, usisimame kabisa. Rudia mpaka pedi zizoeane na diski."

Mwanzoni breki iliteleza. Baadaye ikaanza kuuma, na foku ikatulia.

Dorotea alikuwa bado anazunguka Gasper alipotokea na kipande cha nondo. Alimvuta mkewe kwa nywele akamwangusha chini. Nondo ikamshukia mgongoni. Dorotea akajigeuza, akaung'ata mkono wa mumewe kwa meno yaliyobaki, hakuachia mpaka nondo ikadondoka. Mwanahalima akamtupia Gasper mnyororo shingoni, akavuta kwa uzito wake wote, akamlaza chali. Watu wakajaa. Mmoja akainua jiwe juu ya kichwa cha Gasper.

Mwanahalima alitamani liangushwe. Aliendelea kuvuta mnyororo, Gasper akaanza kugeuka rangi.

Hasani akamkamata yule mtu mkono. "Machinjio si hapa. Weka chini. Na wewe, Mama Ikhlas, achia."

Akaachia, lakini si mara moja. Gasper akakohoa, akatapika. Polisi walipofika walimkuta amefungwa mikono kwa tyubu.

Dorotea hakuwangoja. Aliinuka, akaipanda baiskeli amepinda mgongo, akashika barabara ya Bunda bila kuaga.

Florian alimpigia Mwanahalima simu usiku wa manane kusema dada yake amefika na ubavu mmoja umevunjika. Miezi kadhaa baadaye Gasper alitoka gerezani, akatuma wazee kumwomba mkewe arudi. Florian aliwapa viti na chai. Dorotea alitoka ndani, akasimama mbele yao akafungua mdomo, wakaona mapengo. Kisha akarudi jikoni kukaanga sato wake.